Pine ya mupana ku jante ya fabrike: nani atalipa?

Mwisho wa mwezi ukifika, angalieni mu barabara za Kolwezi, za Likasi na za Lubumbashi. Mutaona kijana wa kazi, miaka 26, miaka 28, amenunua motokari ya mbio: Altezza, Celica, Subaru ya kuvuma, mara moja moja hata Toyota 86. Motokari imetoka Japani, imeshukia Dar es Salaam, imepita Zambia, imeingia kwa Kasumbalesa. Kitu ya kwanza anatafuta si freni, si amortisere, si taa. Anaenda kwa kwado kutafuta mapine. Anataka mapine ya mupana, yenye kujaa, yenye kutokea inje ya bati. Lakini jante anaacha ile ile ya fabrike. "Jante iko bei," anasema. "Pine ya okazo iko rahisi."

Sisi wa sendika tunataka kusema neno juu ya ile mambo.

Wengine watauliza: sendika inatafuta nini mu motokari ya mutu? Kazi ya sendika ni mushahara, ni kontra, ni matunzo ya watoto ku hospitali. Ni kweli. Lakini mushahara tunaopigania ku meza, njo ule unanunua ile pine. Mikono tunayolinda ku karieri, njo ile inashika vola saa ya kurudi nyumbani. Na siku mwenzetu anakufa mu njia, sisi njo tunaitwa ku kilio, sisi njo tunaketi na bibi yake juu ya kupanga makaratasi. Basi tuko na haki ya kusema mbele ya kilio, si kisha kilio paka.

Tuseme pia kitu kimoja, juu watu wasitusikie vibaya. Hatukatae motokari ya mbio. Mutu anayeshuka mu shimo, anayekula vumbi saa 12 kwa siku, iko na haki ya furaha yake. Wazee wetu walinunua kinga, wakavaa suti ya Ulaya, wakatembea nayo siku ya mungu, watu wakawaangalia. Vijana wa leo wananunua motokari. Tamaa ni moja, na si zambi. Sisi tunauliza paka: ile pine inakaa muzuri ku ile jante, ao haikae?

Tuanze na kusoma namba, sababu wengi wananunua bila kusoma. Pine iko na jina yake, imeandikwa ku ubavu. Tukamate mufano wa 215/45R17 87W, sababu njo saizi ya Toyota 86, na njo saizi ya Altezza yenye jante ya 17. Namba 215 ni upana, milimetre 215. Namba 45 inaonyesha urefu wa ubavu: ni 45 kwa mia ya ule upana, maana yake karibu milimetre 97. R ni namna nyuzi za ndani zimepangwa. 17 ni inchi za jante. 87 ni uzito: pine moja inaweza kubeba kilo 545. W ni mwendo: mwisho kilometre 270 kwa saa.

Ile njo pine. Sasa jante nayo iko na upana wake, na huu vijana wengi hawaujue. Jante ya fabrike ya zile motokari mbili iko na inchi 17 ya urefu na inchi 7 ya upana. Ile 7 njo mwenye nyumba. Yeye njo anasema ni mugeni gani ataingia.

Watu wanaopanga vipimo vya mapine duniani wameweka mupaka wazi. Pine ya 215/45R17 inakubaliwa ku jante ya inchi 7 mupaka 8. Pine ya 225/45R17, inchi 7 mupaka 8 na nusu. Pine ya 235/45R17 na ya 245/45R17, inchi 7 na nusu mupaka 9. Pine ya 255/40R17, inchi 8 na nusu mupaka 10. Musome tena pole pole. Mwenye jante ya inchi 7 anaweza kupanda kutoka 215 mupaka 225, na njia inakomea pale. Kijana anayeweka 245 ametoka inje ya mupaka. Anayeweka 255 amekosa inchi moja na nusu nzima.

"Lakini imeingia!" watasema. "Kwado aliijaza upepo, ikapiga mulio, ikakaa." Ndiyo, imeingia. Mutu anaweza pia kuingiza muguu wa 44 mu kiatu ya 41. Kuingia si kukaa muzuri.

Tuone sasa nini inatokea. Pine ya mupana ikikazwa ku jante nyembamba, midomo yake inavutwa ndani, mbavu zinavimba, na mugongo wake unapanda katikati sawa kilima kidogo. Motokari inatembea juu ya ule mugongo. Katikati inakwisha haraka, kando inabakia mupya. Kwa hiyo mutu amenunua upana mukubwa, lakini anatumia kipande. Tena, ule upana wenyewe haupate wote. Kila nusu inchi ya jante inabadilisha upana wa pine karibu milimetre 5. Pine ya 245 ilipimwa fabrike juu ya jante ya inchi 8. Ukiiweka ku jante ya 7 inapoteza karibu milimetre 10. Umelipa 245, unatembeza 235.

Kisha kuko kona. Ubavu wenye kuvimba unalala upande. Dereva anageuza vola, jante inageuka, lakini pine inachelewa kidogo kusikia. Mu njia ya kartye hautasikia kitu. Ku mwendo wa 120, ku kona yenye roli ya cathode mbele yako, utasikia. Na ule ubavu unaojikunja kila saa unapata moto, na moto njo adui wa pine kuliko musumari. Kama upepo umepungua na motokari inapiga shimo, mudomo wa pine unaweza kuachia jante, upepo wote ukatoka mara moja.

Kuko pia mambo ya urefu. Pine ya 215/45R17 iko na urefu wa milimetre 625 toka chini mupaka juu. Ile ya 245/45R17 iko na 652. Ni milimetre 27 zaidi. Kwa sababu ya ile, kompteri inaanza kudanganya: inasema 100, na wewe uko karibu 104. Pine inakaribia bati, inakaribia pia ressort na amortisere ku upande wa ndani, fasi macho hayafike. Motokari ikiwa tupu, na mutu mumoja, haiguse. Siku ya ndoa, watu wane ndani na mifuko nyuma, inashuka, na bati inaanza kukata mupira sawa kisu. Wengine wanaona vile, wanaweka kipande ya chuma kati ya jante na moyo wa gurudumu juu ya kuisukuma inje. Sasa wameondoa mugonjwa mumoja, wameleta wa pili: rulma inabeba mukazo ambao haikutengenezwa kuubeba.

Na wale wanaobadilisha ya nyuma paka, juu "nguvu iko nyuma"? Motokari za leo ziko na ordinatere inayolinganisha mwendo wa magurudumu yote mane, juu freni zisikwame na motokari isiteleze. Ukiweka nyuma urefu ingine, unaipa hesabu ya uongo. Tena nyuma ikishika kupita mbele, ku kona motokari inakataa kugeuka, inaenda mbele moja kwa moja. Mbele, ku njia zetu, mara nyingi ni mutaro ao mama mwenye beseni ya mihogo.

Tuko watu wa haki, tuseme na uzuri wake. Pine ya mupana, ku jante yake inayofaa, mu njia kavu na safi, inashika vizuri kuliko ile nyembamba. Ni kweli, na wale wa mashindano wanajua. Lakini wanabadilisha jante na pine pamoja, hawabadilishe nusu. Na mu mashindano hakuna mashimo, hakuna mutoto anayekimbilia mupira.

Kuko na jambo tunapenda kuwaambia wale wanaofikiri fabrike iliweka pine nyembamba kwa ubahili. Toyota 86 ilitoka mwaka wa 2012. Mukubwa wa mainjinia wake, Tetsuya Tada, na watu yake walichagua ile 215 kwa makusudi. Walichukua pine ya aina ile ile iliyokuwa inavalishwa hata Prius, motokari ya kubana esanse. Walitaka dereva asikie motokari inaanza kuteleza mapema, mu mwendo ambao anaweza bado kuitawala. Pine yenye kushika sana nayo siku moja inaachia, lakini inaachia ukiwa na mbio nyingi. Wale waliofanya ile motokari walijua. Sisi tunaweka pine ya kupita ile, kisha tunaenda kujaribu ku njia ya Likasi.

Na mvua? Toka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4 sisi tunaishi ndani ya maji. Musikilize vizuri. Fasi pine inagusa chini haikuwe kubwa sana kwa sababu umenunua ya mupana. Uzito wa motokari na upepo wa ndani njo vinapanga ukubwa wake. Inabadilika sura paka: inakuwa pana na fupi. Sasa ile sura pana inapaswa kusukuma maji mengi zaidi mbele yake. Ikishindwa, pine inapanda juu ya maji sawa pirogi, na vola inakuwa nyepesi mukononi. Mu ile dakika, freni haisaidie. Pine ya okazo yenye mifereji ya kwisha inafanya vile mapema zaidi. Ku Ulaya sheria inasema mifereji isishuke chini ya milimetre 1,6. Zile zinazofika kwetu, nyingi zilitolewa kule juu zilikaribia ule mupaka.

Wandugu, tuongee ya kazi. Ku karieri tunaona Caterpillar 777, roli ya kubeba karibu tani 100. Inavaa 27.00R49. Kuko mutu mumoja alikwisha kuona chefu wa garage anasema: "Wiki hii tuiweke pine ya mupana zaidi, jante tutaangalia"? Hakuna. Atafukuzwa siku ile ile. Kule, mbele ya kufungua bulo, upepo unatolewa wote. Pine ikijazwa, mutu anasimama mbali, upande, na iko ndani ya kizimba. Kila kitu iko na kartasi, iko na namba, iko na sahihi. Tulipigania ile sheria, na wengine walikufa mbele ya kuipata. Sasa mutu yule yule, aliyesaini karatasi asubuhi, anatoka ku lango mangaribi na kupanda juu ya pine ambayo hakuna garage ya kompani ingeikubali. Usalama si nguo ya kompani unaacha ku vestiere pamoja na kofia.

Tunamuheshimu kwado. Yeye si adui. Anakula mukate wake ku jua, na anafanya kile mwenye motokari anaomba. Lakini tunamwambia pia: baba, kama kijana anakuleta 245 na jante ya 7, umwambie. Ukikataa kazi moja, hautakufa njaa. Mwenye kwado anayesema ukweli, watu watarudia kwake.

Tuongee sasa juu ya feza. Pine ya okazo iko na siku ya kuzaliwa. Angalieni fasi imeandikwa DOT; namba ine za mwisho njo juma na mwaka. 2314 maana yake juma ya 23 ya mwaka wa 2014. Watu wa Michelin wenyewe wanasema pine yenye kupita miaka 10 iondoke, hata kama mifereji inaonekana mizuri, sababu mupira unazeeka sawa mutu. Angalieni pia namba ya uzito: isishuke chini ya ile ya fabrike. Kijana anayenunua mapine mane ya kuzeeka, yanakwisha katikati kisha miezi kidogo, ananunua ingine mane. Akihesabu vizuri mwisho wa mwaka, ile feza ingenunua 225 mupya mane, ao jante za inchi 8 za haki. Na kati kati ya ile hesabu kuko minerval ya watoto.

Tena kuko sheria. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, ile inayoongoza CNSS, inasema aksida inayopata mutumikaji mu njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini, ao kurudi, inahesabiwa sawa aksida ya kazi. Lakini ile njia isikatwe wala isigeuzwe kwa mambo yake mwenyewe. Mama na watoto wajue ile haki, wasikubali kufukuzwa ku biro. Na vijana wajue mupaka wake: ukitoka kazini, ukapita kwanza kushindana mbio na rafiki ku njia ya aeroporti, bibi yako atakuwa na vita kubwa ya kuonyesha kama ulikuwa unarudi nyumbani. Na wa asiransi, akikuta motokari haifanane na ile uliandikisha, anaweza kupata fasi ya kubishana. Tusiwape wale watu silaha ya bule.

Sasa tugeukie makompani, sababu mu hii mambo vijana hawako peke yao. Kwa nini mutu anatoka saa 12 ya usiku wa kazi, macho mekundu, anaendesha yeye mwenyewe mupaka nyumbani? Sababu bisi haitoshi, ao inapita mara moja, ao inamwacha mbali na kartye. Tunaomba bisi za kutosha kwa kila timu, na hasa kwa wale wa usiku. Tunaomba, mu masomo ya usalama ya kila mwaka, saa moja itolewe juu ya motokari ya mutumikaji: mapine, freni, upepo. Kompani iko na watu wa mapine wanaojua kazi kuliko wote hapa Katanga. Siku moja kwa mwezi, wale watu wasimame ku parkingi na kipimo, waangalie motokari za wenzao. Haitaomba feza nyingi. Jeneza inaomba zaidi.

Kuna makamarade wanaosema hizi ni maneno kidogo, tusisahau mapigano makubwa ya sutretansi na mishahara. Hatuyasahau. Lakini mutu tunayepigania mushahara wake, tunataka aishi juu aukule.

Basi, ndugu kijana, kama unapenda motokari yako, fanya hivi. Fungua mulango wa dereva, soma kibao: pale kuko saizi ya pine na upepo. Soma upana wa jante, mara nyingi umeandikwa ndani yake, 7J ao 7½J. Kama unataka kupanda, panda hatua moja inayokubaliwa, magurudumu yote mane, mupya ao ya miaka kidogo. Kama unataka kupita pale, ngoja, changa, badilisha na jante. Geuza vola mupaka mwisho, kuume na kushoto, watu wane wakiwa ndani, na usikilize kama kuko kitu inagusa. Pima upepo asubuhi, pine ikiwa baridi. Na ule utabakia ku mufuko, upeleke kwanza ku freni.

Tunaomba delege wa kila timu asome hii maneno na watu wake juma hii, mbele ya siku ya mushahara, si nyuma. Nyuma yake mapine yatakuwa yamekwisha kununuliwa.